Mbawakawa wa Wageni

Nilisimama. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Tulikuwa chini ya maturubai nyumbani kwa marehemu Bwana Kamugisha, mjini Ngara, siku ya kumaliza msiba, na mshereheshaji alikuwa amefika mahali pa kusoma wasifu. Akasema marehemu ndiye aliyewaleta mbawakawa wekundu walioiokoa mihogo ya wilaya mbili, Ngara na Biharamulo, mwaka ule wa wakimbizi, watu walipokuwa wengi na chakula kikawa hakitoshi. Akasema kijana wake wa kazi wa siku zile, ambaye sasa ni mzee mwenzetu, yupo hapa hapa, asimame tumwone. Watu wakageuka. Nikashika fimbo, nikasimama, nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu, makofi yakapigwa. Nilipoketi, jirani yangu akanipa mkono. "Kumbe wewe ni mtu mkubwa hivyo, mzee Deo!" Nikacheka. Nilicheka! Mbele yetu, juu ya meza yenye kitambaa cheupe, palikuwa na picha ya marehemu akiwa ameshika jani la muhogo, na juu ya jani mbawakawa mmoja mwekundu mwenye madoa meusi, na nyuma ya bega lake ukaonekana upande wa jiko la nyasi. Jiko lile nililijua. Nilikula humo karibu mwaka mzima. Pilau ilipoletwa sikuigusa. Nilisema tumbo linanisumbua, nikaondoka na hasira ambayo haijaisha hadi leo, na sijui imwendee nani zaidi, yeye aliye kaburini au mimi niliyebaki kupokea makofi.

Mbawakawa wale hawakuokoa kitu. Shamba lile la kwenye picha ndilo walilolimaliza, na aliyewapeleka shambani ni mimi, kwa mikono yangu, nikijua ninachofanya. Mwenye shamba, Mama Veneranda, tulikwisha kumzika. Hakuna tena wa kudhurika nikisema. Basi nitasema.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kozi fupi ya kilimo, na mradi wa kupambana na vidung'ata wa mihogo ukanipeleka Bugarama. Mama Veneranda alikuwa mjane mwenye watoto wa shule na sauti kubwa, na alinipa chumba cha pembeni, kile ambacho mumewe alikuwa akihifadhia kahawa kabla ya kuipeleka chama cha msingi. Mume alikuwa amekufa zamani, kahawa ilikuwa imekwisha, lakini harufu ya maganda ilikuwa imeingia katika udongo wa kuta na haikutaka kutoka. Palikuwa na kitanda cha kamba, dirisha la mbao lisilo na kioo, na meza iliyochukua nusu ya chumba. Juu ya meza ile niliweka masanduku yangu ya mbao yaliyozungushiwa kitambaa chembamba, na ndani ya masanduku niliwafuga nyigu. Mtu akisikia nyigu anafikiria wale wanaojenga darini na kumuuma mtoto jichoni. Hawa hawakuuma mtu. Walikuwa wadogo kuliko punje ya ulezi, na usipowatazama upande wenye mwanga hukuwaona kabisa. Kila asubuhi nilipotoka kwenda kunawa, Mama Veneranda alinipokea mlangoni mwa jiko.

"Bwana Nyigu, wanao wameamka salama?"

"Wameamka, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Wamekula?"

"Bado."

"Basi kula wewe kwanza. Wao hawajui kulia."

Tulikula ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, mweusi, mzito, na maharage yaliyopikwa pamoja na ndizi mpaka vyote vikawa kitu kimoja. Nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango kwa sababu moshi ulinishinda. Watoto walinicheka. Siku ya kwanza nilipombebea Mama Veneranda nyigu kwenye kiganja ili amwone, alisogea mpaka kwenye mwanga, akakunja uso, akamtazama kwa muda, kisha akanitazama mimi.

"Huyu? Huyu ndiye serikali imemtuma?"

"Ndiye, mama."

"Nilidhani umeleta kitu chenye meno."

Nikamweleza, na nilijua kueleza vizuri kwa sababu nilikuwa nimekariri. Kidung'ata ni yule mdudu mweupe kama unga anayekaa kwenye kilele cha muhogo na kufyonza maji yake mpaka majani yajikunje na kukwama pamoja kama ngumi, na chini ya ardhi muhogo usinenepe. Nyigu huyu mdogo humtafuta kidung'ata hata akijificha ndani ya mkunjo wa jani, humchoma na kutaga yai ndani ya mwili wake. Mtoto wa nyigu hukua humo humo. Kidung'ata huvimba, hukauka, hugeuka rangi ya kahawia na kuwa mgumu, na baadaye nyigu mpya hutoboa tundu dogo la mviringo na kuruka. Wakulima wa Bugarama waliyaita maganda hayo vibuyu, kwa kuwa ndivyo yalivyo, vibuyu vidogo vya rangi ya rubisi, pombe yetu ya ndizi. Kila kibuyu ni nyigu mmoja. Nyigu huyu hali kitu kingine. Vidung'ata wakipungua, naye hupungua, lakini hahami, hubaki akiwatafuta wale wachache waliosalia. Shambani walikuwamo na walaji wengine tangu zamani, buibui na sisimizi na mbawakawa mmoja mmoja wa madoa, ambao hula chochote wanachokutana nacho. Wakiwa wachache haina neno. Kila mmoja hupata chake.

Lakini nyigu anahitaji muda na utulivu, na hapo ndipo nilipomwomba Mama Veneranda jambo ambalo leo nikilifikiria najiuliza nilipata wapi ujasiri. Kwetu muhogo hauwekwi ghalani. Ghala ni udongo. Ukikomaa unauacha pale pale, unang'oa wa kula leo, wa kesho unabaki umelala salama chini, hata mwaka wa pili. Mwanamke mwenye shamba la muhogo lililokomaa hulala usingizi. Mimi nilimwomba asing'oe katika lile shamba kubwa la kando ya nyumba, asichume kisamvu, asinyunyize dawa, asichome vilele, mpaka mvua za vuli. Yaani nilimfungia ghala nikaondoka na ufunguo. Nikamwahidi kwamba mvua zikianza vilele vitakuwa vimefunguka, na chini atakuta mihogo minene ya kuwafikisha yeye na watoto mwaka mwingine. Mpaka hapo wangekula ndizi na kishamba kidogo cha mihogo ya zamani karibu na kanisa.

"Na wasipofanya kazi, hawa wanao?"

"Watafanya, mama."

"Nakuuliza wasipofanya. Nitakula wewe?"

Watoto wakacheka mpaka mmoja akamwaga maharage. Akakubali. Siku ile ile niliwafungulia nyigu katika shamba lake na katika shamba la jirani yake, Mzee Bonifasi, ng'ambo ya ua wa minyaa, kule chini bondeni ambako hakuna njia ya gari.

Kisha mwishoni mwa Aprili watu wa Rwanda wakavuka mpaka. Mengi yamesemwa juu ya siku zile na watu waliokuja kwa ndege, nami sitayarudia. Mimi nilikuwa jikoni. Nilichokijua ni kwamba kilima kilichokuwa kijani kiligeuka bluu kwa maturubai, kwamba mlio wa shoka haukukoma tangu asubuhi hadi jua kuzama, na kwamba wanawake waliokuja kuomba moto kwa Mama Veneranda hawakuwa na habari nyingine.

"Miti ya kule juu imekwisha yote."

"Wanachuma kisamvu usiku, hata mizizi wanafukua."

"Wewe ungekuwa umetembea kutoka kwako bila sufuria, ungekula nini? Mawe?" Huyo alikuwa Mama Veneranda. "Mwaka ule wenzao wa kwanza walipokuja, bibi yangu aliwapa mbegu za maharage. Leo wajukuu zao wanaimba kwaya pamoja nasi na mnasahau walitoka wapi."

Katika mwezi wa Juni akaanza kuja mmoja wa wakimbizi, Esperansia, mwanamke mrefu mwenye kovu kwenye kidevu, ambaye mumewe alimpotea njiani na hakutaka kulizungumzia. Alilima migomba ya Mama Veneranda na jioni aliondoka na mkungu mdogo au maharage kwenye kanga. Yeye alisema Kinyarwanda, naye Mama Veneranda Kihangaza, lugha ya Ngara, na walielewana vizuri kuliko nilivyoelewana nao kwa Kiswahili changu cha shule. Siku aliyoliona lile shamba la kando ya nyumba, majani yamejaa na hakuna aliyechuma, alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Isombe yote hii! Kwa nini hamli?" Isombe ni kisamvu kwa lugha yake.

"Ni shamba la dudu," Mama Veneranda akamjibu, akaninyooshea mdomo. "La huyu."

Esperansia akanitazama. "Watu wana njaa, dudu wanalindwa."

"Ndiyo serikali," Mama akasema, na wote wawili wakacheka kicheko kirefu ambacho sikukipenda. Lakini tangu siku ile mpaka mwisho Esperansia hakuchuma hata jani moja katika shamba lile. Nilijua, kwa sababu nilipita humo kila asubuhi, mstari kwa mstari, na kila jani lililokatwa nilikuwa nimelikata mimi mwenyewe kwa ajili ya kuwatazama wadudu. Neno hili naliandika wazi sasa kwa kuwa kuna siku nilipaswa kulisema wazi na sikulisema.

Kiangazi kikawa kikali. Vidung'ata hupenda kiangazi. Vilele vilikunjamana, vikawa vyeupe, na mtu aliyepita barabarani aliona shamba linalokufa. Lakini mtu aliyeinama na kukunjua jani aliona vibuyu. Kwanza kimoja hapa na kimoja kule, kisha vingi, vimepangana kwenye mshipa wa jani. Nilirudi jikoni nikikimbia kumwonyesha Mama Veneranda. Alikivunja kimoja kwa ukucha, akamwona mtoto wa nyigu ndani, mweupe, amejikunja. "Huyu ni mtoto kweli," akasema. Tangu siku hiyo alikataza kuku wasiingie shambani.

Ndipo alipokuja Bwana Kamugisha. Alikuwa mkuu wetu wa mradi, mtu wa suti ya kaunda na viatu vinavyong'aa hata katika vumbi la Bugarama, na alikuwa anaogopa. Sasa ndiyo naelewa kwamba alikuwa anaogopa. Wafadhili walikuwa wanakuja kuwatazama wakimbizi na wangepitia kuona mradi, na fedha zote za mwaka ule zilikuwa zinakwenda kambini. Alisimama katikati ya shamba, akazunguka polepole.

"Deo, hapa wageni wataona nini?"

Nikamkunjulia jani. "Vibuyu hivi, mkuu. Kila kimoja—"

"Nakuuliza wataona nini. Mtu ametoka Ulaya, nimvalishe miwani nimwambie tazama kibuyu? Nyuma yake shamba limekauka lote?"

"Wakisubiri mpaka vuli, mkuu…"

"Wageni hawasubiri vuli."

Na hapa, ndugu msomaji, kwa miaka yote hii nimekuwa nikijisimulia kwamba yeye ndiye aliyeagiza. Si kweli. Yeye alipangusa tu kiatu kwenye nyasi. Aliyesema ni mimi. Mimi ndiye niliyetaka anione kijana mwenye akili. Nilisema, "Kule Bisibo, mkuu, kuna shamba lina mbawakawa wa madoa wengi sana. Wanakula vidung'ata waziwazi, unawaona ukiwa barabarani." Akanitazama kama mtu aliyepewa maji. "Unaweza kuwaleta?" Nikasema naweza. Kwenye kozi walitufundisha, na niliandika kwa kalamu nyekundu, kwamba mbawakawa wakiwa wengi hawachagui, kwamba kidung'ata mzima na kidung'ata mwenye mtoto wa nyigu tumboni kwao ni chakula kile kile, na aliyevimba hata ni rahisi zaidi kwa kuwa hasogei. Niliyajua hayo nikiwa nimesimama pale. Nilisema naweza.

Gari la mradi likanipeleka Bisibo, wilaya ya Biharamulo. Mkulima wa kule alitukuta tunatingisha mihogo yake juu ya maboksi ya viatu, akashika kiuno. "Siku hizi mnaiba hata wadudu?" Tukamwambia ni kazi ya serikali. "Chukueni wote," akasema, "wakishiba wanakwenda zao, mtaona." Alisema hivyo kwa mzaha, wala hakuwa amesomea kitu. Nami nilicheka kwa mzaha.

Niliwamwaga katika shamba la Mama Veneranda asubuhi, wakatapakaa kama ndui. Lazima nikiri walipendeza. Wekundu ule juu ya majani meupe, watoto wakaacha kwenda shule ili kuwatazama. Walikula mchana kutwa, na watoto wao, wale weusi wenye miiba, walikula zaidi. Wageni walipofika vilele vilikuwa vimeanza kuonekana kijani. Mama Veneranda alikuwa amechinja jogoo. Wageni hawakula, walisema wana haraka ya kufika kambini, lakini walipiga picha nyingi, na Bwana Kamugisha alichuma jani akalishika hivi, akatabasamu. Mgeni mmoja mwanamke aliinama, akakunjua jani, akauliza jambo juu ya nyigu. Bwana Kamugisha akamjibu kwamba nyigu wapo pia. Nyigu wapo pia! Walipoondoka tulimla jogoo wenyewe, sisi na Esperansia, na Mama Veneranda alikuwa na furaha ambayo sikumwona nayo kabla wala baada.

"Bwana Nyigu, leo nimekusamehe. Hawa ndio wadudu. Hawa wana meno!"

"Sasa mihogo itanenepa," Esperansia akasema.

"Itanenepa. Na wewe utachuma isombe mpaka mkono uchoke. Vuli ikianza tu."

Nilikuwa na paja la jogoo mkononi. Asubuhi ya siku hiyo, kabla wageni hawajafika, nilikuwa nimepita shambani kama kawaida na nimekunjua majani. Nyigu akitoka katika kibuyu huacha tundu safi, la mviringo, kama lililotobolewa kwa sindano. Vibuyu nilivyoviona asubuhi ile havikuwa na matundu. Vilikuwa vimeraruliwa, nusu ganda hapa na nusu pale, kingo zimechanika, ndani hamna kitu. Mshipa kwa mshipa, mstari kwa mstari. Kazi ya miezi yote ilikuwa imeliwa mchana mweupe, mbele ya macho ya watu wanaoshangilia. Mdomo ulikuwa mmoja tu wa kusema na ulikuwa umejaa nyama.

Mkulima wa Bisibo alisema kweli. Vidung'ata walipopungua mbawakawa wakaruka, asubuhi moja wengi, kesho yake wote. Mlaji wa kila kitu hana sababu ya kubaki mahali penye kidogo. Vidung'ata waliokuwa wamejificha ndani kabisa ya mikunjo, kule ambako mbawakawa hafiki na nyigu hufika, wakatoka, wakazaana, na sasa hapakuwa na nyigu wa kuwafuata. Mvua za vuli zikachelewa. Vilele vikakunjamana tena, kisha vikakauka, kisha mashina yakasimama matupu kama fimbo. Nilikwenda kwa siri ng'ambo ya minyaa, kwa Mzee Bonifasi, ambako hakuna mgeni aliyefika na hakuna aliyemwaga mbawakawa. Majani yake yalikuwa yanafunguka. Niliyakunjua. Vibuyu, na kila kibuyu tundu la mviringo. Nilikaa chini kwenye udongo wa mtu nikataka kujipiga.

Mvua ilipoanza, Mama Veneranda alichukua jembe. Tulikuwa watatu, yeye, Esperansia na mimi. Alichimba shina la kwanza akalivuta, na kilichotoka ni mizizi myembamba kama vidole vya mtoto, migumu kama kuni. Akasema, "Hili lilikuwa kwenye mwamba." Akachimba la pili. Akachimba la tatu. Akaendelea hivyo, shina baada ya shina, akitupa kando, mpaka Esperansia akamshika mkono na kumwambia kwa lugha yao jambo ambalo sikulielewa, na Mama akaketi kwenye mfereji akiwa bado ameshika jembe. Ghala lilikuwa tupu. Kishamba cha kanisani kilikuwa kimeliwa zamani, ndizi zilikuwa zimekwisha, na sokoni mahindi yalikuwa hayashikiki. Siku mbili baadaye Esperansia alikuja na fundo kwenye kanga. Lilikuwa sehemu ya mgao wake wa kambini, mahindi ya njano. Aliyaweka kwenye ungo.

Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano, kwa kuwa watu wengine nao walitaka kujua kama mradi ndio ulioua shamba. Bwana Kamugisha alikuja. Alizungumza kwa upole sana. Alisema mradi umefanikiwa, wageni wenyewe wameona, picha zipo. Lakini, akasema, wadudu wetu wanaishi kwenye majani, na majani yakichumwa wadudu wanaondoka nayo. Sote tunajua ni nani wanaochuma majani katika wilaya hii. Watu wakaguna. Mmoja akapaza sauti, "Kwa Mama Veneranda yupo mmoja kila siku!" Kisha Bwana Kamugisha akanigeukia.

"Deo ndiye anayekaa pale. Deo, katika shamba lile majani hayajachumwa?"

Niliwaona wote wawili. Mama Veneranda amekaa kwenye benchi la mbele, mikono magotini. Esperansia amesimama nje, karibu na dirisha, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuingia.

"Yapo majani yaliyochumwa," nikasema.

Sikusema uongo. Nimejificha chini ya sentensi hiyo miaka yote. Yapo majani yaliyochumwa. Ningeongeza maneno mawili tu, "na mimi", mwanamke yule angeendelea kulima migomba kwa amani. Mkutano ukaamua mkimbizi asionekane tena katika mashamba ya kitongoji chetu, na mgambo wakatoka nje hapo hapo. Sikuona walivyomfanya. Nilisikia vishindo vya miguu na sauti moja ikimwita Mungu wake kwa Kinyarwanda, "Mana yanjye, mana yanjye," ikienda mbali.

Jioni nilirudi jikoni kwa kuwa sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Mama Veneranda aliwapakulia watoto kwanza. Kisha akanipakulia mimi, sahani imejaa, akanipa kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni wa heshima.

"Kula, Bwana Nyigu. Ni mahindi ya yule mwizi."

Nilikula. Alisimama juu yangu mpaka nikamaliza.

Nilihamishwa kabla ya Krismasi, nikapandishwa cheo kidogo, na Bwana Kamugisha akaenda na picha zake kwenye semina. Watu huniambia nisijitese, wakati ulikuwa mgumu, kijana angefanya nini mbele ya mkubwa. Maneno hayo yananitia hasira zaidi. Wakati ulikuwa mgumu kwa nani? Mimi nilikuwa na mshahara, kitanda na gari la kunipeleka Bisibo. Kila mmoja katika simulizi hii alikuwa na njaa au hofu isipokuwa mimi, ambaye nilitaka tu kusifiwa.

Nilipita tena Bugarama masika yaliyofuata, njiani kwenda Kabanga kwa kazi nyingine. Shamba lilikuwa limepandwa upya kwa vipande vya mashina ambavyo baadaye nilijua vilitoka kwa Mzee Bonifasi, na mihogo ilikuwa imenifika kifuani, vilele vimefunguka wazi. Sikuthubutu kwenda mlangoni. Nilisimama pembeni nikakunjua jani moja, kisha jingine. Vibuyu. Matundu ya mviringo, safi. Walikuwa wamevuka minyaa wenyewe, bila mimi, bila sanduku, bila gari.

"Mama!" niliita kama mwehu. "Mama Veneranda, wamerudi! Nyigu wamerudi!"

Alitokea upande wa jiko, amepungua mwili, ameshika ungo. Sikumwamkia hata shikamoo, na hakunidai.

"Nimewaona kabla yako," akasema. "Usimwambie mtu."

"Hata Bwana Kamugisha?"

"Yeye hasa."

Ndipo nilipogundua kwamba nilipoita, palikuwa na mlio wa kinu ndani ya jiko na sasa umekatika. Nilitazama juu ya bega lake. Esperansia alikuwa amesimama kwenye giza la moshi, mchi ameuinua hewani, mbele yake kinu kimejaa majani mabichi ya muhogo. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama Mama.

"Sitasema," nikasema.

Mchi ulibaki juu. Mama Veneranda alinipima tangu viatu mpaka kichwa, bila haraka, kama mtu anayetafuta kitu ndani ya mkunjo wa jani. Kisha akageuka, akaingia ndani, akamwambia mwenzake kwa lugha yao jambo fupi, akavuta mlango. Nilisubiri pale nje. Baada ya muda mrefu, kinu kikaanza tena.